Kompyuta ikizimika ghafla, anza na daftari

Mwanafunzi mmoja wa chuo anayeishi Kiembeni, Kisauni, anasema kompyuta aliyoiunda pamoja na kakake, kwa vipuri walivyonunua kimoja kimoja, sasa inamtesa. Huzimika akiwa katikati ya kazi, na mradi wake wa diploma unatakiwa mwezi ujao. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akafomati diski. Ikazimika tena. Fundi wa pili anamtaka anunue bodi kuu mpya. Anauliza, je, anunue?

Asinunue bado. Ni nadra virusi kuikata mashine papo hapo kana kwamba mtu amechomoa waya ukutani. Na kufomati diski ilhali ubovu uko kwenye vyuma ni sawa na kumpaka mafuta ya ngozi mwenye jino bovu. Jambo la kwanza ni anakili mradi wake kwenye flashi mbili, leo hii, kabla hajagusa bisibisi.

La pili ni daftari. Kila mashine inapozimika, aandike saa, alichokuwa akifanya, na kilichoonekana kwenye skrini. Tena barua yake ina dokezo ambalo mafundi wote wawili walilipuuza: anasema alfajiri na usiku wa manane hafanyi kazi kwa wasiwasi, taabu huanza mwendo wa saa nane mchana. Hiyo ni dalili ya joto.

Feni ya kompyuta haiwezi kukipoza kitu kikawa baridi kuliko chumba chenyewe. Wakati wa kaskazi, mchana wa Mombasa hupita nyuzi 30, na chumba cha paa la mabati kina joto zaidi. Nyuzi zote hizo huongezwa juu ya joto la prosesa. Prosesa nyingi za kisasa hujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100, na joto likizidi hujizima ili zisiungue. Kwa hiyo mashine inayozimika huenda inajiokoa tu.

Kupima ni rahisi na ni bure. Afungue kifuniko cha ubavuni, aelekeze feni ya mezani ndani, afanye kazi ileile saa ileile. Ikidumu, mkosaji amepatikana. Achomoe waya, asafishe vumbi kwa brashi laini huku amezuia feni zisizunguke, na kama grisi iliyo kati ya prosesa na bati la kupoozea imekauka, aifute kwa spiriti na kupaka mpya. Wenzetu wa Changamwe na Magongo, wanaoishi kando ya barabara ya malori, wafanye usafi huu mara nyingi zaidi.

Likoni, hasa upande wa Shelly Beach, adui ni chumvi. Hewa ya bahari huvuta unyevu na kula miguu ya shaba ya vipuri. Kibao cha RAM kisichogusana vizuri na mahali pake huleta vituko visivyo na mpango: leo skrini ya bluu (katika Windows 11 za karibuni imekuwa nyeusi) yenye ujumbe huu, kesho ujumbe mwingine kabisa. Ujumbe ukibadilika kila mara, ishuku RAM. Guseni kwanza chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke, chomoeni kibao, futeni meno yake taratibu kwa raba ya penseli, pangusani, rudisheni. Kama vibao ni viwili, jaribuni kimoja kimoja. Programu ya MemTest86 huwashwa kutoka kwenye flashi. Iacheni usiku kucha. Hata kosa moja tu ni kosa. Na aliyewasha mpango wa XMP ili RAM iende mbio auzime kwanza kabla ya kulaumu kitu chochote.

Tuje kwenye stima. Mashine ikizimika pindi friji inapowaka au pasi inapochomekwa, tazameni soketi na waya wa ukutani. Ikizimika mchezo unapopamba moto, hata kama ndani ni baridi, huenda pawasaplai imechoka au ni ndogo kuliko mzigo wake. Azimeni nyingine ya nguvu ya kutosha mjaribu, lakini mtumie na nyaya zake zenyewe. Nyaya za pawasaplai moja zaweza kuingia kwenye nyingine bila shida, kumbe mpangilio wake ni tofauti, na diski ikaungua. Wala msiifungue pawasaplai. Kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa.

Giza likiingia, kama lilivyoingia sehemu kubwa ya Kenya usiku wa Agosti 25, 2023, chomoeni plagi. Stima ikirudi aghalabu huja kwa kishindo.

Wako wanaofungua kumbukumbu za matukio za Windows, wakaona "Kernel-Power 41", wakakimbia kununua pawasaplai. La hasha! Namba hiyo yasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Haisemi ni kwa nini. Joto huiandika, RAM huiandika, hata mtoto aliyejikwaa kwenye waya.

Diski mbovu ina tabia yake: mashine huganda wakati wa kufungua faili, na ile ya kizamani hugonga-gonga. Hapo ni kunakili tu, hakuna kupima zaidi.

Dada wa Kiembeni, chochote utakachobadilisha, badilisha kimoja, kisha ungoje siku mbili tatu. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua ni kipi kilichoponya, na hela zimekwenda. Jaribu ile feni ya mezani, kisha uniandikie. Kama bado itazimika saa nane, tutaanza na kibao cha pili cha RAM, kile unachosema mlikinunua baadaye.