Mtungi Kwanza, Mkopo Baadaye

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ni ripoti hiyo iliyoizoesha dunia kusema "sekta isiyo rasmi". Mafundi na wachuuzi wa Nairobi wakaanza kuhesabiwa. Wakati huo Garissa, Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, zilizokuja kufutwa 1991. Tena Waraka wa serikali Nambari 10 wa 1965 ulikuwa umekwisha elekeza fedha za maendeleo kwanza kwenye maeneo yenye mvua na rutuba. Basi nikiulizwa kama biashara ndogondogo za Kaskazini Mashariki zinaweza kukua, hujibu kwamba zimekua tayari, kwa mtaji wa wenyewe. Swali ni nini kinazizuia zisisonge zaidi.

Wengi hukimbilia kujibu: mkopo. Mimi nasema mtungi.

Yatazame maziwa ya ngamia. Hukamwa bomani alfajiri, yakamiminwa kwenye mitungi ya plastiki, yakapanda pikipiki au gari lolote linaloelekea mjini. Akina mama huyapokea, wakayauza kikombe kwa kikombe, na mengine yakaendelea na safari hadi Eastleigh, Nairobi, zaidi ya kilomita 350. Joto la mchana Garissa hupita nyuzi 35. Yakichachuliwa kwa ustadi huwa suusac, ambayo ina wateja wake. Mtungi ukiwa mchafu au gari likikwama, humwagwa. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara pale Madogo, ng'ambo ya Mto Tana, hakuna mkopo ambao ungeyavusha maziwa. Mama anayeyauza anahitaji chombo kinachosafishika, mahali pa kupoza na barabara isiyokatika. Ukimpa fedha za kununua lita mara mbili kabla ya hayo, umemwongezea za kumwaga.

Fedha zenyewe anajua kuzitafuta. Ana ayuuto: kila mmoja kikundini hutoa fungu lake, na wa zamu huchukua zote. Jina lilitoka kwa Waitaliano waliotawala Somalia, kwao aiuto ni msaada. Ayuuto haina riba wala fomu. Dhamana yake ni jina la mtu mbele ya wenzake. Mfuko wa Hustler, wa mikopo ya serikali, ulipozinduliwa Novemba 2022 ulikuja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na Mwislamu anayeiogopa riba akabaki nje ya mlango. Hilo si jambo dogo katika mji ambao karibu kila mchuuzi ni Mwislamu.

Lipo pia jeraha ambalo lazima litajwe. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilifungia kampuni 13 za kutuma pesa, zikiwamo za hawala, kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Zilifunguliwa tena baada ya miezi kadhaa, lakini katika muda huo waliotegemea ndugu walio ughaibuni walikatiwa njia ya mtaji, ilhali hawakuwa na kosa.

Makala za toleo hili tumezipanga kwa kuufuata mtungi, kutoka bomani, sokoni, barabarani hadi Eastleigh. Ya mikopo tumeiweka mwisho, kwa makusudi.