Nani Ameshika Pishi?

Mwenye duka akikupimia mahindi kwa pishi moja asubuhi na kwa pishi nyingine jioni, hukubali, hata akiapa kwamba zote mbili ni halali. Basi leo twataka kusema juu ya pishi wanayopimiwa watoto wetu, yaani mtihani wa Taifa.

Tuyakumbuke ya 2013. Mwezi wa Februari mwaka huo yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanywa 2012. Vijana zaidi ya 240,000, yaani sita katika kila kumi, waliambiwa wamepata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi wa Mei Serikali ikatangaza Bungeni kwamba matokeo yale yamefutwa, yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011. Yalipotoka mara ya pili, wenye sifuri walikuwa kama 211,000. Vijana kama 30,000 walitoka katika sifuri, wala hapana hata mmoja wao aliyeshika kalamu tena. Karatasi zile zile, majibu yale yale. Kilichobadilika ni pishi.

Jambo hili si uchawi, na yafaa kila mzazi alielewe. Mwalimu akisha kusahihisha karatasi, huandika alama tu. Alama si daraja. Lazima mtu akate mstari: kuanzia hapa A, kuanzia hapa C, chini ya hapa F. Mstari huo hukatwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuuweka mahali pamoja kila mwaka, awe amefaulu mmoja au wamefaulu wote. Njia ya pili ni kutazama kwanza alama za watahiniwa wote, kisha kuusogeza mstari, maana huenda maswali ya mwaka huu ni magumu kuliko ya mwaka jana. Kila njia ina sababu yake. Kosa ni kuhama kutoka hii kwenda ile huku mtoto amekwisha kukaa katika chumba cha mtihani wala hana habari. Hilo ndilo lililotokea 2012.

Wakati wa ukoloni mtoto wa Kiafrika alichujwa darasa la nne, akachujwa tena la nane na la kumi, si kwa kuwa hana akili, bali kwa kuwa nafasi alizowekewa zilikuwa chache. Karatasi za darasa la kumi na mbili zilisafirishwa mpaka Cambridge, Uingereza, zikasahihishwe huko. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani letu wenyewe. Pishi ikarudi nyumbani. Lakini kuirudisha nyumbani si sawa na kuiweka mezani wote waione.

Wako watakaosema, basi mstari ushushwe, watoto wafurahi. Sisi twakataa. Wale 30,000 hawakujua Mei neno moja zaidi ya walilolijua Februari. Shule nyingi za kata, ambazo wananchi walizijenga kwa jasho lao, zilifunguliwa bila maabara na bila walimu wa sayansi wa kutosha. Mtoto wa shule ya namna hiyo akipata sifuri, si yeye peke yake aliyepimwa. Amepimwa aliyemnyima mwalimu. Kumshushia mstari ni kumpaka mgonjwa poda usoni, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Chama chetu chataka mambo matatu. Kwanza, viwango vya madaraja vijulikane kwa mwalimu na kwa mzazi kabla ya mtihani, wala visiguswe baadaye ila kwa sababu iliyoelezwa hadharani. Pili, uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambao Baraza huuchapa kwa kila somo usomwe katika bodi za shule, ili tujue watoto walikwama wapi na nani hakuwafundisha. Tatu, shule zisishindanishwe kama farasi. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, nasi twaunga mkono. Shule inayochagua watoto kwa mtihani wa kuingia na shule ya kata inayopokea kila mtoto hazikuanza mbio mahali pamoja.

Wanachama wa kila tawi, msingoje siku ya matokeo mkalie. Nendeni shuleni wiki hii. Ulizeni: walimu wa hesabu wangapi, vitabu vingapi, maabara iko wapi? Majibu yake yaandikeni, myalete katika mkutano wa tawi. Serikali huwatahini watoto wetu kila mwaka. Na sisi wananchi tuna haki ya kuitahini Serikali.