Soko Lirudi Mjini Londiani



Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Londiani ni mji wa stesheni. Lakini barabara kuu ya Kericho ilipita kando, na wachuuzi wakawafuata wanunuzi huko Londiani Junction. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliwaingilia hapo. Watu zaidi ya 50 walikufa: wachuuzi, abiria, watu wa bodaboda.

Wako wasemao mchuuzi ni mkaidi, afukuzwe tu. Sisi hatukubali. Mama mwenye debe la viazi hakai mahali pasipo mnunuzi, hata ukimletea askari wa kanjo. Sisi wa reli twajua sana: gari lisimamapo ndipo watu huuza.

Kwa Katiba ya 2010 masoko na leseni ni kazi ya kaunti. Basi waijenge stendi ya matatu mjini, ubavuni mwa soko. Paa, maji, choo na taa vitokane na ushuru uleule wa kila siku, nao upunguzwe mwaka wa kwanza, maana soko jipya huanza tupu. Matatu za mbali hazitaingia mjini. Hizo zipewe kituo Junction, mbali na lami, chenye ukuta imara.