Asiyeamini Ana Dhamiri Pia

Mtu akitamka hadharani kwamba haamini Mungu, Afrika Mashariki huwa na maelezo matatu yaliyokwisha kuandaliwa. La kwanza ni kwamba kaumizwa: labda kafiwa, labda kaachwa, machungu yakipoa atarudi. La pili ni kwamba elimu imemlevya. La tatu husemwa kwa sauti ya chini, na ndilo linaloaminiwa zaidi: hana hofu ya Mungu, anatafuta upenyo wa kufanya maovu bila kuulizwa. Yote matatu yanamnyang'anya mtu huyo kitu kimoja, nacho ni haki ya kuwa na sababu. Hakuna anayemuuliza ameona nini, amesoma nini, amewaza nini.

Imani kwamba asiyeamini anatafuta tu upenyo wa maovu imeenea kwa maskini na matajiri, misikitini na makanisani, na ni ya uongo. Ukifuatilia maisha ya watu walioacha kuamini, mara kwa mara utakuta si tamaa iliyowatoa. Dhamiri iliwakataza kubaki.

Mfikirie Mubarak Bala, mhandisi wa kemikali kutoka kaskazini mwa Nijeria, aliyelelewa katika ukoo wa wasomi wa Kiislamu. Mwenyewe ameeleza kwamba shaka ilimkaa muda mrefu, lakini kilichomfikisha ukingoni ni video aliyoitazama mwaka 2013. Ndani yake mwanamke Mkristo anakatwa kichwa na vijana wa rika lake Bala, wanaozungumza lugha yake. Huyu hakuwa mtu anayetafuta ruhusa ya kulewa. Alikuwa mtu aliyeona damu ikimwagwa kwa jina la Mungu wake, akashindwa kunyamaza.

Juni 2014 jamaa zake walimpeleka kwa nguvu hospitalini mjini Kano. Daktari wa kwanza hakumkuta na ugonjwa wa akili. Wa pili akasema anao, na kwa maelezo ya watetezi wa Bala, alimwambia kwamba kila mtu anahitaji Mungu, hata Wajapani wanaye. Akakaa wodini zaidi ya wiki mbili kama mgonjwa. Aprili 2020 akakamatwa Kaduna kwa maneno aliyoandika Facebook, wakati mtoto wake ana wiki sita tu tangu azaliwe. Aprili 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 24. Mahakama ya Rufaa iliipunguza adhabu hiyo hadi miaka mitano mwaka 2024, na Januari 2025 akawa huru. Mtu anayetaka starehe hafuati njia hiyo. Kunyamaza na kwenda kuswali Ijumaa pamoja na wenzake kungemgharimu kidogo mno.

Charles Darwin naye husimuliwa kana kwamba sayansi ndiyo iliyomharibu. Alichoandika mwenyewe kinasema zaidi. Katika kumbukumbu za maisha yake alikiri kwamba hakuweza kuelewa mtu anawezaje hata kutamani Ukristo uwe kweli, maana kwa mafundisho yake wasioamini, wakiwemo baba yake, kaka yake na karibu marafiki zake wote wa dhati, wangeadhibiwa milele. Mwaka 1851 alikuwa amemzika binti yake Annie, mtoto wa miaka 10. Darwin hakujiita mkana Mungu. Alisema hajui, na kwamba jambo hili linazidi uwezo wa akili ya mwanadamu. Lakini maneno yale kuhusu adhabu ya milele yaliwatia hofu watu wa nyumbani kwake. Yalikatwa kitabu kilipochapishwa 1887, na mjukuu wake Nora Barlow ndiye aliyeyarudisha mwaka 1958. Kwa zaidi ya miaka 70 wasomaji walinyimwa sababu ya mtu huyu, na sababu yenyewe ilikuwa upendo kwa watu wake.

Kuna hoja nyingine inayopigiwa debe hapa kwetu: kutoamini si Uafrika, ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1969 mwanatheolojia John Mbiti aliandika kwamba dini imepenya kila pembe ya maisha ya Mwafrika, na maneno yake yamegeuzwa kuwa hukumu dhidi ya asiyeamini. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, hakukubali picha hiyo ya Mwafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichapisha kitabu kizima akiwashutumu wasomi, Waafrika wenzake wakiwemo, kwa kuwavisha miungu wa Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili Wazungu waridhike. Mjadala huo ulifanywa na Waafrika, juu ya Waafrika. Msomaji wa Kiswahili naye aliisoma shaka juu ya Mungu katika lugha yake mwenyewe, kwa Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974.

Na anayetaka kumwona Mwafrika asiyeamini akifanya kazi, amtazame Tai Solarin. Alizaliwa Ikenne, Nijeria, mwaka 1922. Alikuwa mkuu wa shule ya Molusi, akaondoka kwa kutokubaliana na wenye shule kuhusu nafasi ya dini. Januari 1956, yeye na mkewe Sheila wakafungua Shule ya Mayflower huko Ikenne, bila kanisa wala msikiti nyuma yake, wakati shule nyingi za maana zilikuwa za wamisionari. Wanafunzi walilima chakula chao na kufanya kazi za mikono. Solarin aliamini kwamba kijana anayefundishwa kusubiri msaada kutoka juu ananyimwa mikono yake, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake. Mwaka 1984 utawala wa kijeshi wa Buhari ulimtia gerezani kwa sababu hakukoma kuusema. Wapo wenye hofu nyingi ya Mungu waliofyata ulimi mwaka ule.

Hofu hiyo peke yake haimlindi mtu. Msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ulitoa zaidi ya maiti 400 kuanzia Aprili 2023, watoto wengi wakiwa miongoni mwao, watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wakristo wa Kenya walikuwa wa kwanza kulia, na ni dhuluma kuwabebesha mzigo huo. Lakini walioingia msituni mle hawakupungukiwa na hofu ya Mungu hata chembe. Upande wa pili nao una makaburi yake. Albania ya Enver Hoxha ilifunga misikiti na makanisa yote mwaka 1967 na kuwatesa mapadri na mashehe kwa jina la kutoamini. Kwa hiyo anayetaka kujua kama jirani yake ni mwema hana njia ya mkato. Itabidi amtazame anavyoishi.

Kenya ilipata nafasi ya kulielewa hili. Februari 2016 chama cha wasioamini, kikiongozwa na Harrison Mumia, kilisajiliwa rasmi. Viongozi wa makanisa walipinga, na kabla ya katikati ya mwaka usajili ukasimamishwa kwa hoja ya amani na utulivu. Baadaye Mahakama Kuu iliuondoa uamuzi huo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 32, inalinda dhamiri na mawazo pamoja na dini. Ya Tanzania nayo, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mawazo na imani.

Uingereza iligombana juu ya jambo hili mapema. Charles Bradlaugh alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, akaomba kuthibitisha bila kuapa kwa Mungu, akakataliwa, akalazwa usiku mmoja mahabusu kwenye mnara wa saa wa Bunge. Wapiga kura wake wakamrudisha tena na tena, akaketi 1886, na 1888 sheria ikabadilishwa. Leo, mahakamani Nairobi au Dodoma, shahidi asiyeapa kwa Biblia wala Kurani huthibitisha tu kwamba atasema kweli, na ushahidi wake hupimwa kama wa mwingine yeyote. Nyumbani bado hatujafika hapo. Kijana anayemwambia mama yake kwamba haamini tena huitiwa mchungaji au shehe aje kumwombea, na mara nyingi maombi huanza kabla hajaulizwa hata swali moja.