Asilimia Hamsini na Moja

Sina ugomvi na fedha za tajiri. Ugomvi wangu ni na hasira zake.

Tarehe 13 Januari 2020 Mtibwa Sugar waliifunga Simba bao 1–0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Unguja. Baada ya mechi Mohammed Dewji akatangaza mtandaoni kwamba anajiuzulu uenyekiti wa bodi: analipa mishahara ya karibu shilingi bilioni 4 kwa mwaka, na kutoshinda ni aibu. Haukupita muda akageuza kauli. Hapa Kilwa Masoko watu walikuwa wakiulizana gatini kama bado wana timu. Mwalimu mkuu angesusa hivyo kwa sababu ya mtihani mmoja, wazazi wangemwonaje?

Azam ni ya ukoo wa Bakhresa; wakinuna, wamenunia chao. Simba ilianzishwa 1936, na wanachama waliokubali mabadiliko mwaka 2017 walimkaribisha mwekezaji, hawakuuza nyumba. Kanuni za serikali hazimpi zaidi ya asilimia 49. Basi hizo 51 ni za nani, ikiwa mmoja akikasirika wote tunatetemeka?

Nitaambiwa kwamba mataji manne mfululizo, 2018 hadi 2021, yametoka mfukoni mwake. Kwa sehemu kubwa ni kweli, nami niliyashangilia. Lakini jirani yangu, mchuuzi wa pweza, hupanda basi mpaka Dar es Salaam kwa nauli yake, Simba ikafungwa, akarudi usiku kucha. Asubuhi yuko sokoni na fulana ile ile nyekundu, na kadi yake ameilipia.