Robo nne ya Kijerumani

Mimi wiki hii nimepata aibu, lakini aibu yenyewe ina faida, ndiyo maana nakuletea.

Najifunza Kijerumani. Mwezi ujao nina mtihani, nikifaulu ndipo niombe nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani. Mwalimu wangu ni mama mtu mzima, Mjerumani wa kuzaliwa, kwao kijijini karibu na Stuttgart. Naye alikuwa muuguzi.

Basi Jumanne akanipigia simu, nifike "viertel vier". Nikapiga hesabu: viertel ni robo, vier ni nne. Saa nne yao ya mchana kwetu ni saa kumi. Nikatinga saa kumi na robo, nimejipodoa, mwenyewe najiona. Nikamkuta kanuna! Kumbe alinitaka saa tisa na robo. Kwao "robo nne" maana yake saa ya nne imeingia robo tu, nne yenyewe haijatimia. Kijerumani sanifu angesema robo baada ya tatu.

"Nisamehe mwanangu," akasema, "kimenitoka Kijerumani cha nyumbani."

Nikaona hapa hapa nimchokonoe. Jamani, lahaja zao ni kasheshe! Kile kimkate kidogo cha asubuhi vitabuni ni Brötchen, Berlin wanakiita Schrippe, Bavaria Semmel, kwao yeye Weckle. Siagi vitabuni ni "die Butter", ya kike; huko kusini wengi wanasema "der Butter", ya kiume. Na "Fuß", ambayo kitabuni ni kuanzia kifundo kwenda chini, kwao ni mpaka nyonga. Nikacheka: si mguu kama wetu tu!

Yeye hakucheka. "Bibi kizee akikuambia Fuß inamuuma, ukamkagua vidole tu, nyonga iliyovunjika utaiacha."

Nikamuuliza, mbona basi hatufundishi hayo? Akanyamaza. Kisha akasema alipokwenda kusomea kaskazini, wenzake walimcheka kila akifungua mdomo, akaapa kusema sanifu tu. Aliporudi likizo bibi yake akamwambia, "Siku hizi unaongea na mimi kama karani wa posta." Leo bibi hayupo, na watoto wa mwalimu hawajui hata neno. Mwaka 1999 jimbo lao la Baden-Württemberg lilijitangaza kwa kaulimbiu kwamba wanaweza kila kitu isipokuwa Kijerumani sanifu. Watu walicheka. Yeye anasema alilia.

Msomaji, hapo nikaishiwa pozi. Mimi nilipotoka Tarime kuja kusoma sekondari Dar, neno "chakura" lilinitoka mara moja tu bwenini. Walinicheka muhula mzima. Toka siku hiyo Kikurya nikakifungia sandukuni. Mama akinipigia simu yeye anasema Kikurya, mimi namjibu Kiswahili, tena cha mjini.

Jumanne ile usiku nikampigia mwenyewe. Nikaongea Kikurya, cha kuungaunga, maneno mengine nayatafuta kama senti iliyodondoka gizani. Mama akanyamaza weee. Halafu akauliza, "Mwanangu, unaumwa?"

Siumwi mama. Nimechelewa tu, kama kawaida yangu.

Haya, tukutane wiki ijayo.