Umepandishwa Cheo: Je, Wenzako Wataweza Kukwambia Ukweli?



Kila mwaka kuna vijana wetu wanaopewa uongozi kazini kwa mara ya kwanza. Huyu amefanywa supavaisa wa tawi la supamaketi. Yule amekabidhiwa wadi ya hospitali, mwengine afisi ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, mwengine idara ya shule. Barua inakuja, mshahara unaongezwa kidogo, mama anaomba dua, marafiki wanaandika hongera kwenye gurupu. Kisha inafika Jumatatu, na wale uliokuwa ukila nao viazi karai saa nne wanakuangalia, wanangoja useme.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Ulipandishwa cheo kwa kuwa ulijua kazi yako. Lakini kuijua kazi ni jambo moja, na kuwaongoza wanaoifanya ni jengine. Jana ulihesabiwa kwa ulichofanya kwa mikono yako. Leo unahesabiwa kwa wanachofanya watu sita, kumi au ishirini, na mengi ya hayo huyaoni kwa macho. Utayajua tu ukiambiwa.

Basi shika hili moja, mengine yatalifuata: kipimo cha kiongozi mpya ni jinsi habari mbaya zinavyomfikia mapema. Kama timu yako inaogopa kukwambia ukweli, wewe unaongoza gizani, hata kama wote wanasema "sawa bosi".

Hili limechunguzwa. Miaka ya 1990, mtafiti wa Harvard kwa jina Amy Edmondson alifuatilia makosa ya dawa katika wadi za hospitali huko Marekani. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Hesabu zikamwonyesha kinyume: wadi zilizoongozwa vizuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipozama ndani zaidi akafahamu sababu. Kwenye wadi hizo wauguzi walikuwa huru kusema wakikosea, dozi irekebishwe na mwengine asirudie. Kwenye wadi za bosi mkali watu walikuwa wanaficha. Daftari safi, mgonjwa hatarini.

Viwanda vya Toyota kule Japani navyo vilijulikana dunia nzima kwa kamba iliyopita juu ya laini ya kuunganisha magari. Mfanyakazi akiona kasoro, anaivuta. Taa inawaka, na anayekuja mbio ni kiongozi wa timu, kuuliza kuna nini na kusaidia. Wasipoitatua haraka, laini inasimama. Hebu fikiria: kijana wa ngazi ya chini ana uwezo wa kusimamisha laini nzima ya magari, na kuivuta kamba ni sehemu ya kazi yake.

Sasa swali ni lako. Kwenye timu yako, kamba iko wapi? Na akiivuta mtu, wewe unakuja kusaidia au unakuja kufoka?

*Kwanza: sikiliza kabla hujabadilisha*

Sayyidna Abubakar (r.a.) aliposhika uongozi mwaka wa 11 Hijria, katika hotuba yake ya mwanzo aliwaambia watu kwamba amewekwa juu yao ilhali yeye si mbora wao, akawaomba wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akienda kombo. Mtu wa daraja ile alianza kwa kuwafungulia watu mlango wa kumkosoa. Sisi wa supamaketi na afisi ndogo tutajifungia kwa lipi?

Wewe huhitaji hotuba. Kaa na kila mmoja peke yake, dakika 20 zinatosha, chai iwepo. Muulize mambo matatu: Ni kitu gani kinakukwamisha kazini? Ni kitu gani kinaenda vizuri ambacho nisikiguse? Ungekuwa mahali pangu, ungeanzia wapi? Andika majibu mbele yake.

Kisha chagua jambo moja dogo lililotajwa na wengi, pengine ufunguo wa stoo unaokaa na mtu mmoja au printa isiyofanya kazi tangu mwezi uliopita, ulimalize ndani ya wiki mbili. Wakiona dogo limetatuliwa, watakuletea na kubwa. Na kama jambo haliwezekani, rudi uwaambie haliwezekani na kwa nini. Ukiuliza halafu ukanyamaza, watajua ulikuwa unapitisha wakati.

*Pili: habari mbaya ikija, chunga uso wako*

Chukulia uko kwenye ile afisi ya kutoa mizigo. Kijana wako amejaza karatasi za kontena, na thamani ya bidhaa ameiandika vibaya. Anagundua Jumatatu asubuhi. Akikwambia saa hiyo, mnarekebisha siku hiyo hiyo. Lakini wiki iliyopita ulimfokea mwenzake mbele ya wateja, na yeye alikuwepo. Kwa hivyo ananyamaza, anajaribu kurekebisha kichinichini. Wewe unakuja kujua Ijumaa, siku za bure za kuhifadhi kontena zimekwisha na gharama inapanda kila kukicha. Kosa ni lile lile la Jumatatu. Zile siku nne zilizopotea zimetokana na ulimi wako.

Kwa hivyo mtu akija na habari mbaya, neno lako la kwanza liwe "ahsante kwa kuniambia mapema". La pili: "tufanye nini sasa?" Maswali ya kosa limetokeaje yangoje moto uzimike. Hapo uliza ni hatua gani ya kazi iliyoruhusu kosa lipite, kabla ya kuuliza ni nani. Mara nyingi utakuta fomu haieleweki, mtu hakufundishwa, au kazi ya watu watatu anafanya mmoja.

Ukitaka kumrekebisha mtu, mwite faraghani. Kumkemea kwenye gurupu la WhatsApp la kazi ni sawa na kumkemea sokoni, tena hili la simu watu wanapiga picha ya skrini na linafika hadi kwa mkewe.

*Tatu: haki iwe moja kwa rafiki na asiye rafiki*

Ratiba ya zamu ndiyo inayomfichua kiongozi. Rafiki yako ndiye anayepata mapumziko ya wikendi, na yule msichana asiye na mtu ndiye anayefunga duka usiku kila siku. Watu hawatasema kitu, lakini wanahesabu.

Andika ratiba, ibandike ukutani, na kanuni ya kubadilishana zamu iwe moja kwa wote. Wenzetu Wakristo wakishika zamu siku ya Iddi, sisi tushike ya Krismasi. Na katika kuajiri au kugawa nafasi za mafunzo, usitazame mtaa wala msikiti wala kabila. Sisi tunaojua uchungu wa kijana kukatwa kwenye orodha kwa sababu ya jina lake, hatuna udhuru wa kumfanyia mwengine yale yale.

Rafiki wa zamani mwambie mapema, kwa upole: "Nje tuko vile vile. Kazini, ukichelewa nitakuandika kama ninavyomwandika mwengine yeyote." Ni mazungumzo ya dakika tano yanayookoa urafiki wa miaka. Na kama kwenye timu yuko mzee wa umri wa baba yako, shikamoo yake usiipunguze kwa sababu ya cheo. Mtake ushauri kabla ya wengine, maana amewaona mabosi wakija na kuondoka. Ila uamuzi ukishautoa, usimame nao, na yeye aufuate kama wenzake.

*Nne: jua sheria kabla hujatia sahihi*

Hapa mchezo umekwisha, kwa sababu sahihi yako inagusa riziki ya mtu. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imefafanua, na si siri ya mawakili. Mfanyakazi ana haki ya siku isiyopungua moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ana likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo kamili, kila anapotimiza miezi 12. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo akiugua na akaleta cheti cha daktari, ana siku 7 za malipo kamili na nyengine 7 za nusu mshahara katika mwaka. Mama aliyejifungua ana miezi 3 yenye malipo kamili, na baba ana wiki 2.

Halafu kuna kifungu cha 41 cha sheria hiyo, ambacho kila supavaisa angepaswa kukijua kwa moyo. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au udhaifu wa kimwili, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, awe na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na maelezo yake yasikilizwe kabla ya uamuzi. Ile tabia ya kumtumia mtu ujumbe usiku "kesho usije" ni kumnyima mtu haki yake, na mwajiri anaweza kupelekwa mahakamani kwa sababu yako.

Mkubwa wako akikwambia umfukuze fulani leo leo, mkumbushe utaratibu huu kwa adabu. Andika barua pepe fupi, weka nakala. Pengine atakasirika. Lakini kwenye timu yako habari itaenea kwamba wewe humtoi mtu kafara, na hapo ndipo watu huanza kusema ukweli.

*Tano: toa kazi mikononi mwako*

Mabosi wapya wengi wanaendelea kufanya kazi yao ya zamani, halafu usiku wanaongeza na ya uongozi. Wanasema "nikimpa yeye ataharibu". Ataharibu mara ya kwanza, ndiyo, kama ulivyoharibu wewe. Mpe kazi nzima: mweleze matokeo unayotaka, siku ya mwisho, na wapi lazima arudi kwako kabla ya kuendelea. Kisha muache. Ukimsimamia kila hatua, anakoma kufikiri, na kila kitu kitakungoja wewe hata siku unayoumwa.

Kazi ikifana, taja jina la aliyeifanya mbele ya wakubwa. Ikiharibika, mbele ya wakubwa useme "timu yangu, jukumu langu", halafu mkayazungumze ndani. Ibara ya 73 ya Katiba inawaambia maafisa wa serikali kwamba madaraka ni amana, na kwamba yanampa mtu jukumu la kuwatumikia watu badala ya uwezo wa kuwatawala. Wewe si waziri wala gavana. Lakini tunaowadai viongozi wetu hilo kila siku hapa mitandaoni, tunaanzia wapi kama si kwenye timu ya watu wanane?

*"Si watanipanda kichwani?"*

Hili ndilo swali ambalo vijana huuliza, na ni swali la haki. Upole bila mipaka unaharibu kazi, na wanaoumia ni wale wanaojituma.

Kwa hivyo tofautisha. Aliyekosea akasema, msaidie. Anayerudia kosa lile lile, mfundishe, muwekee muda, na uandike mlichokubaliana. Aliyekosea akaficha, mwambie wazi kwamba kuficha ndiko kulikozidisha uzito. Aliyeiba, anayemdhulumu mwenzake au anayewasumbua wasichana, utaratibu uanze siku hiyo hiyo, awe rafiki yako au la. Watu wakiijua mipaka hii tangu mwanzo, hawakupandi kichwani. Watu humchezea bosi asiyetabirika: leo anacheka na kosa, kesho anapasua meza kwa kosa hilo hilo.

Basi ndugu yangu, dada yangu, kama umepewa timu mwezi huu, fanya mambo matatu kabla ya Ijumaa. Panga yale mazungumzo ya dakika 20 na kila mmoja. Isome Sheria ya Ajira, iko bure mtandaoni. Na kwenye mkutano wenu ujao, uliza: "Ni kitu gani ninachofaa kujua na hakuna aliyeniambia?" Kisha nyamaza, uhesabu kumi kimoyomoyo. Atakapojitokeza wa kwanza kusema, wote watakuwa wanakutazama wewe utamjibu vipi. Mjibu vizuri, kwani hapo ndipo uongozi wako utakapoanzia.

Na kama hujapewa timu bado, mtumie ujumbe huu yule aliyepewa.

Wabillahi tawfiq.